Darasa la Maji Kupwa: Safari za Masomo Nje ya Shule na Namna ya Kuzifanya Ziwe Sayansi

Safari za masomo nje ya darasa hutajwa katika mitaala ya sayansi ya shule za sekondari kana kwamba kila mtu anajua maana yake. Kwa hakika jambo hili halieleweki vema, na safari nyingi hupotea kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni safari inayogeuka matembezi: wanafunzi hupanda gari, huimba, hula, hupiga picha, na jioni hurudi wakiwa wamechoka na wamefurahi, lakini hawana jambo lolote jipya wanaloweza kulieleza. Ya pili ni safari ambayo darasa huhamishiwa juani: mwalimu au mwongozaji husimama chini ya mti na kutoa mhadhara, nao wanafunzi huandika kila neno huku wakiwa wamekipa mgongo kitu kinachosemwa.

Safari ya masomo inayostahili jina hilo si ya namna hizo. Ni kazi ya kisayansi iliyo ndogo lakini kamili: kuna swali, kuna vipimo, kuna hesabu, na kuna jibu ambalo halikujulikana kabla ya kutoka shuleni. Makala haya yanakusudia kueleza namna kazi hiyo inavyopangwa, kwa kutumia mfano mmoja, yaani safari ya siku moja kwenye ufuko wenye mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ufuko wa mikoko hukutanisha Fizikia, Biolojia, Kemia, Jiografia na Hisabati mahali pamoja. Pili, ni mahali ambapo kutojua sayansi kuna hatari ya kweli: maji yanayokupwa hurudi, wala hayamsubiri mwalimu amalize somo.

MWEZI, JUA NA SAA YA KUTOKA SHULENI

Jambo la kwanza ambalo mwalimu hana budi kuliamua ni siku na saa. Katika safari nyingi siku huchaguliwa kwa kufuata ratiba ya shule na upatikanaji wa gari. Ufukoni, kalenda inayotawala ni ya mwezi.

Bahari hujaa na kupwa kwa sababu nguvu ya uvutano wa mwezi si sawa kila mahali juu ya dunia. Upande unaoelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na upande wa pili huvutwa kidogo kuliko kitovu hicho. Tofauti hii huyafanya maji yavimbe pande zote mbili. Dunia inapojizungusha, kila mahali hupita katika vimbe hizo mbili, na ndiyo maana pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Lakini mwezi nao huendelea na mzunguko wake, hivyo dunia huhitaji dakika zipatazo 50 zaidi ili mahali palepale pafike tena chini ya mwezi. Siku ya mwezi, basi, ni saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache.

Jua nalo huvuta. Nguvu yake ya kuinua maji ni pungufu kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa katika mstari mmoja, nguvu hizo mbili husaidiana, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pembe mraba, na matokeo yake ni maji mafu. Katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua kwa kawaida huzidi mita 3, ilhali wakati wa maji mafu hukaribia mita 1 tu. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wakati wa maji mafu atakuta sehemu kubwa ya somo lake imefunikwa na bahari.

Kuna jambo la ajabu ambalo wavuvi wa pwani hulijua tangu utoto, na ambalo wanafunzi wanaweza kulithibitisha wenyewe: hapa kwetu, maji ya bamvua hupwa karibu saa zilezile, yaani asubuhi kati ya saa nne na saa tano na nusu hivi. Kwa nini? Kila mahali pwani pana muda wake, usiobadilika sana, unaopita tangu mwezi uvuke mstari wa kaskazini na kusini wa mahali hapo hadi maji yajae. Katika pwani yetu muda huo ni kama saa 4. Mwezi mwandamo huvuka mstari huo karibu na saa sita mchana, na mwezi mpevu karibu na saa sita usiku. Kwa hiyo siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa saa sita kabla yake. Ukiongeza kuchelewa kwa siku moja au mbili kwa bamvua yenyewe, unapata saa zile ambazo wavuvi huzijua. Hii ni bahati kubwa kwa shule za pwani, kwa kuwa bamvua huufungua ufuko wakati wa masomo.

Kutokana na hesabu hiyo hutoka kanuni moja muhimu. Tuseme safari imepangwa Jumamosi ambayo maji yanakupwa saa nne na dakika 20 asubuhi, kisha gari likakosekana na safari ikaahirishwa hadi Jumamosi inayofuata, saa ileile. Kwa siku 7, maji huchelewa kwa dakika 50 mara 7, yaani dakika 350, ambazo ni saa 5 na dakika 50. Maji sasa yatakupwa saa kumi na dakika 10 jioni, na saa nne asubuhi wanafunzi watayakuta yamejaa. Wiki mbili baadaye, hata hivyo, mzunguko wa bamvua huwa umekaribia kukamilika na hali hurudi karibu kama ilivyokuwa. Kwa hiyo safari ya ufukoni ikiahirishwa, iahirishwe kwa wiki mbili, si kwa wiki moja. Saa kamili zipatikane katika majedwali ya maji ambayo hutolewa na mamlaka za bandari, kwani hesabu ya dakika 50 ni ya wastani tu.

MAJI HURUDI KWA KASI GANI?

Mwanafunzi aliyesimama kwenye mchanga mkavu, mita mamia kutoka ukingo wa maji yaliyojaa, huona bahari imetulia kama ziwa. Utulivu huo hudanganya. Maji hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia hutumia kanuni nyepesi ya sehemu kumi na mbili: katika saa sita za kujaa, maji hupanda sehemu 1 katika saa ya kwanza, 2 katika ya pili, 3 katika ya tatu, 3 katika ya nne, 2 katika ya tano na 1 katika ya sita.

Chukua bamvua ambayo maji yake hupanda mita 3.6. Sehemu moja ni sentimita 30. Katika saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 30, katika ya pili sentimita 60, na katika ya tatu sentimita 90. Sasa chukua ufuko ambao huinuka mita 1 kwa kila mita 100. Ukingo wa maji utasogea mita 30 katika saa ya kwanza, mita 60 katika ya pili na mita 90 katika ya tatu. Katika ufuko ulio bapa zaidi, unaoinuka mita 1 kwa kila mita 300, maji yatasogea mita 270 katika saa hiyo ya tatu. Aliyeangalia saa ya kwanza akaamini kwamba ameielewa bahari ndiye anayekutwa na saa ya tatu.

Hatari kubwa zaidi haitoki mbele bali nyuma. Ufuko si ubao ulionyooka. Una matuta ya mchanga na una mikondo, yaani mifereji ambayo maji hupita. Maji yanaporudi huijaza mifereji kwanza. Kikundi cha wanafunzi walio juu ya tuta la mchanga wanaweza kuwa wakavu kabisa huku mfereji uliopo kati yao na nchi kavu ukiwa tayari umefika kiunoni.

Kanuni ya usalama, basi, hutokana moja kwa moja na Fizikia: yafuateni maji yanaposhuka, na ondokeni yanapogeuka. Ikiwa maji yanakupwa saa nne na nusu, kazi ianze saa mbili na nusu sehemu ya juu, iendelee kuteremka pamoja na ukingo wa maji, na saa nne na nusu wanafunzi wote wawe wanarudi. Awepo mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuangalia saa, mifereji na idadi ya wanafunzi. Kijiti kilichochomekwa ukingoni mwa maji humwonyesha mapema kwamba bahari imegeuka.

Anayeijua bahari katika hali yake ya kawaida ndiye pia anayeweza kuitambua hali isiyo ya kawaida. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko kubwa karibu na Sumatra lilisababisha mawimbi ya tsunami yaliyovuka Bahari ya Hindi na kuua watu hata katika pwani ya Tanzania na Kenya. Huko Thailand msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 10, Tilly Smith, aliona maji yakitoa mapovu na kufanya mambo ambayo bahari ya siku zote haifanyi. Alikuwa amefundishwa habari za tsunami katika somo la Jiografia majuma machache tu kabla ya hapo. Aliwaambia wazazi wake, watu wakaondolewa ufukoni, na maisha mengi yakaokolewa. Somo lake lilikuwa la darasani, si la ufukoni. Lakini lilimfaa kwa sababu aliweza kuunganisha maneno ya mwalimu na kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Uwezo huo wa kuunganisha ndio hasa ambao safari za masomo hukusudia kuujenga.

SWALI KWANZA, SAFARI BAADAYE

Kosa linalofanya safari nyingi zisizae matunda ni kutoka bila swali. Mwalimu huwaambia wanafunzi, «Andikeni yote mtakayoyaona», nao hurudi na orodha: miti, kaa, matope, mtumbwi. Macho hayaoni yote. Huona yale ambayo akili imeyaandaliwa kuyatafuta.

Mikoko hutoa swali zuri kwa kidato chochote. Vitabu hueleza kwamba miti hii hupangana kwa mikanda kutoka baharini kwenda nchi kavu. Katika pwani yetu mpangilio unaotajwa sana huanza na mliliana, Sonneratia alba, mbele kabisa. Halafu mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata. Kisha msinzi au muia, Bruguiera gymnorrhiza. Kisha mkandaa, Ceriops tagal. Na mwisho mchu, Avicennia marina, karibu na nchi kavu. Majina hutofautiana kidogo kutoka Lamu hadi Rufiji, na ni vema wanafunzi waandike jina linalotumika mahali pao. Basi swali ni hili: je, katika ufuko wetu miti imepangana kama kitabu kisemavyo? Na kama ndivyo, ni kitu gani hubadilika kutoka mkanda hadi mkanda?

Kabla ya kuondoka kila kikundi kiandike dhana yake. Kikundi kimoja kitasema tofauti ni chumvi, kingine kitasema ni kina cha maji, kingine ulaini wa tope. Aliyeandika dhana huwa na sababu ya kupima, kwa kuwa anataka kujua kama amepata au amekosa.

KUPIMA KWA VIFAA VYA KAWAIDA

Ukosefu wa vifaa hutajwa mara kwa mara kama sababu ya kutofanya masomo ya nje. Kazi inayoelezwa hapa huhitaji kamba, vijiti, madaftari, futi ya mshonaji na mpira mwembamba wa maji unaopitisha nuru.

Kamba ya mita 100 hufungwa mafundo kila baada ya mita 10, kisha hutandazwa kutoka ukingo wa miti upande wa bahari kuelekea nchi kavu. Penye kila fundo kikundi hupima eneo la mraba la mita 5 kwa mita 5, huhesabu miti mikubwa ya kila aina, na huhesabu miche mbali na miti. Kutenganisha miche na miti ni jambo muhimu: mti mkubwa huonyesha mahali ulipofanikiwa kuishi miaka mingi, ilhali mche huonyesha tu mahali ambapo mbegu ilifika.

Mpira wa maji ni kifaa cha waashi. Ukijazwa maji na kuinuliwa ncha zake mbili, maji katika ncha zote husimama katika usawa mmoja, hata kama kuna mita 10 kati yake, kwa sababu kanieneo ya hewa juu ya ncha zote ni ile ile. Wanafunzi wawili, kila mmoja akiwa na ncha moja karibu na kijiti chenye alama za sentimita, hupata tofauti ya kimo kati ya fundo moja na lingine. Wakienda hivyo fundo hadi fundo, huchora umbo la ufuko wote. Mchoro huo ndio utakaowaambia, pamoja na jedwali la maji, kila mkanda wa miti hufunikwa na bahari mara ngapi kwa mwezi.

Kwa wanyama wadogo, kama vile tondo na matundu ya kaa, hutumika fremu ya mti yenye upande wa sentimita 50, ambayo eneo lake ni robo ya mita mraba. Hapa pana mtego. Mwanafunzi akiachiwa kuchagua mahali pa kuweka fremu, mkono wake huvutwa na penye tondo wengi. Kwa hiyo mahali pachaguliwe kwa kura: namba ziandikwe katika vipande vya karatasi, na fremu iwekwe hatua zile ambazo karatasi imesema, hata kama ni mahali patupu. Tuseme fremu 8 zimetoa hesabu hizi: 4, 0, 11, 6, 3, 9, 7 na 8. Jumla ni 48 katika mita mraba 2, yaani tondo 24 kwa mita mraba. Ile sifuri ina thamani sawa na ile 11. Aliyeifuta sifuri kwa sababu haipendezi amebadili jibu, na amefanya hivyo bila kujua.

MTI UNAOISHI KATIKA TOPE LISILO NA HEWA

Vipimo vikiendelea, kuna mambo ambayo mwalimu anaweza kuyaonyesha kwa kugusa. Mwanafunzi akichimbua tope kidogo kwa kijiti atasikia harufu ya yai bovu. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Tope limejaa maji na mabaki ya majani, na bakteria wamekwisha kuitumia oksijeni yote. Bakteria wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, hutumia salfeti, ambayo maji ya bahari inayo kwa wingi, na kutoa gesi hiyo.

Mizizi huhitaji oksijeni, na kila mti una njia yake. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, yenye vitundu vya kupitishia hewa juu ya tope. Mchu na mliliana hutoa mizizi iliyosimama wima kutoka topeni. Mchu mmoja unaweza kuwa na maelfu yake. Msinzi hutoa mizizi iliyopinda kama magoti. Mwanafunzi aliyejikwaa katika mizizi hiyo hataisahau, lakini aambiwe pia kwamba kila mzizi anaouvunja ni pua ya mti.

Chumvi ni tatizo la pili. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 za chumvi katika kila kilo. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu huiruhusu iingie, kisha huitoa kupitia majani. Jani lililokomaa likilambwa lina ladha ya chumvi, na mara nyingine chembe zake huonekana kwa macho. Nao mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama rungu jembamba la kijani, mpaka iwe tayari kuanguka na kujichomeka au kuelea.

PALE KITABU NA UFUKO VINAPOTOFAUTIANA

Wanafunzi wengi watakaofanya kazi hii watakutana na jambo litakalowasumbua. Watakuta mchu karibu na nchi kavu, kama walivyoambiwa, kisha huenda wakaukuta tena mbele, karibu na bahari. Jibu la haraka ni kudhani kwamba wamekosea. Hawajakosea. Mchu huvumilia hali nyingi sana, na katika fuko nyingi za Afrika Mashariki huonekana pande zote mbili. Mchoro wa kitabu ni muhtasari wa fuko nyingi. Si picha ya ufuko wowote mmoja.

Hata sababu za mikanda hiyo hazina jibu moja. Sehemu za juu hufikiwa na maji ya bamvua tu. Baina ya bamvua moja na nyingine jua hukausha maji na kuacha chumvi kali kuliko ya bahari yenyewe, na ndiyo maana nyuma ya mikoko hukutwa viwanja vitupu ambavyo mahali pengine hutumiwa kutengenezea chumvi. Kwa hiyo uvumilivu wa chumvi na wa kufunikwa na maji ni sababu ya kweli. Lakini mwaka 1978 Deborah Rabinowitz, aliyefanya utafiti wake Panama, alitoa hoja kwamba maji yenyewe huzichambua mbegu kwa ukubwa wake: ndogo husukumwa juu na kubwa hubaki chini. Mwaka 1987 Thomas Smith, kwa utafiti uliofanywa Australia, alionyesha kwamba kaa wanaokula mbegu wanaweza kuamua ni mti gani usionekane mahali fulani. Hoja hizi hazifutani. Nguvu ya kila moja hutegemea mahali.

Ndipo ile hesabu ya miche inapopata maana. Iwapo miche ya aina fulani iko kila mahali lakini miti mikubwa iko katika mkanda mmoja tu, basi mbegu zilifika kote na kitu kingine kiliziua. Iwapo miche nayo iko katika mkanda huo tu, huenda mbegu hazikufika kwingine au zililiwa mapema. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kamba na daftari amefikia, kwa njia halali, mahali ambapo wataalamu hubishana. Hilo haliwezi kupatikana kwa kukariri.

LUGHA YA UFUKONI

Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya masomo ya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Wapo wanafunzi ambao darasani hunyamaza, nao huhesabiwa kuwa wazito. Ufukoni mambo huweza kubadilika. Mtoto wa mvuvi hujua bamvua na maji mafu, hujua mkandaa na mkoko, hujua ni mti upi hufaa boriti na upi hufaa mtumbwi, naye huyajua kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye busara huanza na maarifa hayo, huyapima pamoja na wanafunzi, kisha huyaunganisha na istilahi za mtihani.

Kadhalika wenyeji waheshimiwe kama walimu. Kina mama wanaookota chaza na tondo maji yanapokupwa wana kumbukumbu ya miaka mingi kuhusu mahali ambapo viumbe hao wamepungua. Wazee wanaweza kueleza biashara ya boriti, ambazo kwa karne nyingi zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji hadi Arabuni na Ghuba, na ambazo urefu wake uliamua upana wa vyumba vya nyumba za mawe. Huko Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, wanakijiji wamekuwa wakihifadhi mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, na fedha zinazotokana na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo husaidia shule na huduma ya maji. Mwanafunzi anayeona hivyo huelewa kwamba hesabu ya miti si zoezi la shule pekee.

TAHADHARI NA ADABU ZA KAZI

Ruhusa iombwe mapema kwa uongozi wa kijiji na kwa wasimamizi wa misitu, kwa kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi. Kila mwanafunzi avae viatu vilivyofungwa, si ndala, kwa sababu ya makombe makali, viumbe wenye miiba na samaki taa aliyejifukia mchangani. Makome yenye umbo la pia yasiokotwe kwa mkono, kwani baadhi yake huchoma na yana sumu inayoweza kuua. Maji ya kunywa, kofia na sanduku la huduma ya kwanza visisahauliwe. Mwalimu mmoja asiongoze darasa zima. Vikundi vidogo, kila kimoja na mtu mzima anayeijua bahari, ni salama zaidi na hufanya kazi bora.

Ufuko nao una haki yake. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana viumbe walio chini yake hufa juani. Miche ising'olewe. Shule inayokwenda mahali palepale kila mwaka ibadili njia, la sivyo nyayo 80 za darasa la wanafunzi 40 zitaua kile zilichokuja kukisoma.

BAADA YA KURUDI

Safari haiishi gari linaporudi shuleni. Takwimu ziandikwe ubaoni siku inayofuata, vikundi vilinganishe hesabu zao, na pale zinapotofautiana waulizane sababu. Kisha dhana zilizoandikwa kabla ya safari zisomwe tena kwa sauti. Kikundi ambacho dhana yake imeshindwa kisichekwe. Kiulizwe ni kipimo gani kiliishinda. Daftari zihifadhiwe. Darasa la mwaka ujao likipita katika kamba ileile, shule itakuwa na jambo ambalo ni adimu hata katika vyuo: rekodi ya mahali pamoja kwa miaka mingi, inayoweza kuonyesha kama mikoko inarudi nyuma, inasonga mbele au inakatwa.

Shule za bara zisidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Kamba yenye mafundo huweza kutandazwa kutoka ukingo wa mto hadi juu ya kilima, kutoka kwenye kichuguu hadi uwandani, au kutoka kivulini mwa mwembe hadi juani katika uwanja wa shule yenyewe. Swali litabadilika, na vipimo vitabadilika, lakini mwendo wa kazi ni uleule. Mwalimu aanze kwa saa mbili tu na mahali panapofikika kwa miguu. Kinachotakiwa ni swali ambalo jibu lake haliko mwishoni mwa kitabu, na uvumilivu wa kuiandika sifuri pale ambapo sifuri ndiyo iliyoonekana.